Jinsi nilivyoitafuta kompresheni iliyopotea baada ya kubadilisha cheni ya taimingi

Gari langu ni Toyota Probox yenye injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 ambayo imo pia katika Ist na Spacio nyingi zinazozunguka hapa Morogoro. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, na matengenezo ya gari nimezoea kuyafanya mwenyewe uani kwangu. Kwa muda wa miezi kadhaa, kila asubuhi nilipowasha, cheni ya taimingi, ile inayounganisha krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kemshafti (mihimili inayofungua valvu), iligongagonga upande wa puli kwa sekunde chache kabla presha ya oili haijaifikia tensheni yake, yaani kikazio cha cheni. Nilinunua cheni mpya, reli zake na tensheni kule Gerezani, Dar es Salaam, nikaifanya kazi hiyo kwa siku mbili za mwisho wa wiki.

Jumapili jioni nilipopiga stata, nilijua mara moja kwamba nimeharibu kitu. Injini yenye afya, stata inapoizungusha, hutoa mdundo, kwa sababu kila pistoni inayopanda hukutana na hewa inayogoma kubanwa. Yangu ilizunguka upesi na kwa sauti moja, kama mashine isiyobeba mzigo. Baada ya majaribio mengi iliwaka, lakini ilitetemeka, ilinuka petroli, na haikuwa na nguvu hata ya kulisogeza gari vizuri. Kifaa cha kusoma hitilafu kilionyesha msimbo P0016, ambao maana yake ni kwamba mkao wa kemshafti haulingani na ule wa krenki.

Jirani yangu, fundi mzee ninayemheshimu, alisikiliza kwa dakika moja akasema, "Mwalimu, hizi ringi zimekwisha. Tufungue tufanye ovahoo." Alimaanisha zile pete za pistoni zinazozuia hewa isipenye pembeni. Nilimjibu, "Mzee wangu, Ijumaa gari hili limepanda barabara ya Mgeta likiwa na watu watano. Ringi za silinda zote nne zinaishaje kwa siku mbili huku gari limeegeshwa?" Alicheka, akaniachia geji yake ya kompresheni, inayopima presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda.

Kipimo changu cha kwanza hakikuwa na thamani yoyote, na ninakitaja kwa sababu kosa hilo ni la watu wengi. Nilitoa plagi moja tu kila nilipohamia silinda nyingine, betri ilikuwa imechoka kwa kupigishwa stata, na sikukumbuka kufungua kilango cha hewa. Nilipata namba za kutisha, psi 60 hadi 105 (psi ni kipimo cha presha). Siku iliyofuata nilichaji betri, nikatoa plagi zote nne, nikachomoa soketi za nozeli ili petroli isiingie, kisha nikamwomba mwanangu akanyage pedali ya mafuta hadi mwisho huku nikiizungusha injini mpaka mshale wa geji ulipoacha kupanda. Safari hii silinda ya kwanza ilisoma 130, ya pili 125, ya tatu 130 na ya nne 80. Mwongozo wa injini hii hutaja takriban psi 213 kwa injini nzuri, na 156 kama kiwango cha chini kabisa, huku tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14.

Nilimimina oili kidogo, kama kijiko cha chai, katika kila silinda na kupima tena. Kama ringi zingekuwa zimechakaa, oili ingeziba mwanya wake kwa muda na namba zingeruka juu sana. Zilipanda kwa psi tano hadi kumi tu. Kwa hiyo ringi hazikuwa na kosa, na hewa ilikuwa ikitokea juu, kwenye valvu au gasketi.

Nilizitazama zile namba nne kwa muda mrefu kuliko nilivyoshika spana siku hiyo. Silinda tatu zilikuwa zimeshuka kwa kiasi kinacholingana, na jambo kama hilo haliwezi kutokana na valvu mbovu, kwa kuwa valvu haziharibiki tatu kwa pamoja kwa kipimo kimoja. Linatokana na kitu ambacho silinda zote zinakitegemea, yaani taimingi. Kemshafti ya kuingiza hewa ikichelewa, valvu hufunga pistoni ikiwa imekwisha kupanda sehemu ya njia yake, na hewa iliyokwisha kuingia husukumwa kurudi ilikotoka. Lakini taimingi peke yake isingeweza kuieleza ile 80 ya silinda ya nne. Nilikuwa na hitilafu mbili, moja imekaa juu ya nyingine.

Nilifungua tena kifuniko cha taimingi, kazi inayochosha hasa kwa kukwangua silikoni ambayo haijamaliza hata siku tatu, nikaiweka krenki kwenye alama yake. Kemshafti ya kuingiza ilikuwa nyuma kwa meno mawili. Hapo nikakumbuka. Siku ya kuvalisha, cheni haikufika kwenye alama vizuri, nikaizungusha kemshafti hiyo kwa spana ili ikutane nayo. Ikagoma, nikaongeza nguvu, kisha ikarudi nyuma yenyewe kwa kusukumwa na springi za valvu. Nikaona cheni imekaa, nikaendelea. Wala sikuizungusha krenki mizunguko miwili kwa mkono ili kuhakiki alama za gia kabla ya kufunga. Niongeze kwamba baada ya mizunguko hiyo zile pingili za rangi kwenye cheni hazirudi mahali pake, na jambo hilo huwatia watu wengi wasiwasi bure. Zinazotakiwa kurudi ni alama za gia.

Mkao wa krenki wakati ule ulieleza mengine yote. Silinda ya kwanza inapokuwa juu mwisho wa mgandamizo, ya nne nayo iko juu, na valvu zake za kuingiza ndizo zinazoanza kufunguka. Kuisukuma kemshafti mbele katika hali hiyo ni kuzigongesha valvu hizo kwenye kichwa cha pistoni. Nilipaswa kwanza kuirudisha krenki nyuma kidogo ili pasibaki pistoni yoyote juu kabisa. Kitendo kimoja cha spana kilikuwa kimezaa hitilafu zote mbili.

Nilipanga cheni upya na kupima: 195, 190, 195, na silinda ya nne 110. Kabla ya kufungua silinda hedi, ile sehemu ya juu ya injini yenye valvu, nilitaka uthibitisho. Nilitoa kile kivalvu kidogo kilichomo kwenye mpira wa geji, kinachofanana na cha tairi la baiskeli, nikaufunga mpira huo mahali pa plagi, nikaweka pistoni juu kabisa valvu zikiwa zimefungwa, nikapeleka upepo wa kompresa huku nimeishikilia krenki kwa spana ndefu. Kwenye bomba la ekzosi palikuwa kimya, kwenye mdomo wa oili palisikika pumzi hafifu ya kawaida, na maji ya rejeta hayakutoa povu. Kwenye kilango cha hewa palikuwa na mlio wa wazi kabisa.

Hedi ilipotoka niliilaza kifudifudi na kumimina petroli kwenye njia za kuingizia. Kwenye silinda tatu ilituama. Kwenye ya nne ilichuruzika kupitia valvu zote mbili. Mzee alinisaidia kusaga valvu mpya kwenye viti vyake, nikapima mwanya kati ya kemshafti na valvu hizo hadi ukawa kati ya milimita 0.15 na 0.25 injini ikiwa baridi, nikaweka gasketi mpya na kukaza bolti kwa awamu kuanzia katikati kwenda pembeni.

Kipimo cha mwisho kilikuwa 195, 190, 195, 190, na stata ilirudisha mdundo wake. Oili niliimwaga siku hiyohiyo ingawa ilikuwa na wiki moja tu, kwani ilikuwa imekwisha kunuka petroli iliyoshuka kupitia silinda katika yale majaribio yote ya kuwasha.