Jicho la kushoto, kahawa na dagaa wa Kibirizi

Ukope wa jicho langu la kushoto ulianza kucheza alfajiri moja nikiwa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, nasubiri mitumbwi irudi na dagaa. Wiki nzima haukutulia. Kisha shavu la mguu nalo likaanza: nimekaa zangu, naona nyama inarukaruka chini ya ngozi kama kuna kitu kinatembea mle ndani. Maumivu hakuna.

Mama mkubwa alisema jicho la kushoto likicheza kuna kilio kinakuja, nipige simu Kasulu niulize hali. Nikapiga. Wote wazima. Mimi niliogopa kiharusi, na hofu hiyo ikamaliza hata ule usingizi kidogo niliokuwa naupata.

Zahanati nilimkuta tabibu asiye na haraka. Alinitembeza kwa ncha za vidole, halafu kwa visigino. Akanishika mikono, "Sukuma, mama." Akanigonga magoti kwa kinyundo, akalinganisha miguu kuona kama mmoja umekonda. Nguvu zilikuwa zote. Akaniambia neva ikichokozwa hufyatuka yenyewe, nyuzi chache za msuli zikashtuka bila wewe kuzituma. Akauliza nalala kwa muda wa saa ngapi, nakunywa kahawa vikombe vingapi kwa siku. Kulala, muda wa saa 4 tu. Kahawa sikuwahi kuhesabu. Nilipohesabu siku iliyofuata, vilifika 9.

Sikuamini moja kwa moja. Kilichonifanya niamini ni mbalamwezi. Huku kwetu dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukipevuka mitumbwi inalala ufukweni, nasi wanunuzi tunalala. Siku ya nne ya mbalamwezi nikagundua jicho limetulia, na mguu pia. Giza likarudi, nikarudi mwaloni saa 10 usiku, kahawa juu ya tumbo tupu. Siku ya tatu jicho likaanza tena.

Sasa nakunywa vikombe 2, na maji kabla jua halijawa kali. Nikimaliza kuanika, nalala.

Tabibu alinisisitizia ya kuangalia: mkono au mguu kuishiwa nguvu au kukonda, kuangusha vitu, kumeza au kusema kwa shida, jicho kujifunga lenyewe, upande wa uso kuvutwa. Nikiona mojawapo nisingoje mwezi, niende siku hiyohiyo.

Jana ukope ulicheza kidogo nikiwa naanika. Nikamwachia binti yangu chanja, nikaenda kulala.