Nilivyolimaliza San Andreas lote, mpaka chaza wa mwisho

Mwanzoni mwa 2024 mtu ninayefanya naye kazi aliniuliza, "Sasa kaka, ukishafika mia kwa mia kwenye hilo gemu la San Andreas wanakupa nini?" Nikamwambia kifaru na ndege ya kivita, pamoja na risasi zisizoisha. Akacheka. "Si uweke chiti tu? Kifaru kinashuka hapo hapo."

Nilikasirika, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Ushauri huo wa chiti, yaani vitufe vya siri vya kudanganya gemu, ndio ulionipotezea miaka kumi na tano.

Ilikuwa 2008. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, nipo nyumbani Mwananyamala nasubiri matokeo, kile kipindi ambacho kila mtu mzima akikuona umekaa anakutuma dukani. Banda la gemu lilikuwa mtaa wa pili: TV nne za chogo, feni moja na mabenchi. Wengi walikuja kucheza mpira, wakilipa kwa mechi. Mimi nililipa kwa saa, nadhani mia tano au pungufu, nikakaa TV ya kona na Grand Theft Auto: San Andreas. Gemu hilo lilitoka 2004, na hapo banda zima lilikuwa linalicheza kwa fujo tu, kuiba magari na kukimbizwa na polisi. Sikumjua hata mmoja aliyekuwa analimaliza. Nikaamua nitakuwa wa kwanza.

Memori kadi, inayotunza sevu, yaani ulipofikia kwenye gemu, ilikuwa yangu mwenyewe, ile ya MB 8, nimeinunua Kariakoo kwa hela niliyokusanya kidogo kidogo. Nilitembea nayo mfukoni imefungwa kwenye kimfuko cha karanga ili jasho lisiiharibu. Nikifika naitoa, naifuta kwa shati, naichomeka.

Banda lilikuwa na daftari la chiti. Kaunta buku, jalada limeshatoka, kurasa zimejaa R1, L2, mraba, pembetatu, duara, mwandiko wa watu kumi tofauti, na pembeni wameandika "hii ya silaha", "hii polisi hawaji". Sikuwahi kulifungua. Nilishapuliza rangi kwenye michoro yote 100 ya ukutani kule Los Santos, mji wa kwanza wa gemu, kwa mikono yangu, nikizunguka uchochoro kwa uchochoro, na nilijivunia kwamba hakuna hata kimoja nilichopewa bure.

Kosa nililolifanya ni moja. Jioni moja nilitumwa Magomeni ghafla, nikaiacha kadi kwa mwenye banda. Kijana mmoja akaomba acheze kidogo kwenye gemu langu. Akaweka chiti ya ghasia, ile inayowafanya watu wote mtaani wapigane na kuchoma magari, akafurahia, halafu akasevu juu ya sevu yangu. Chiti ile haizimiki.

Nilirudi nikakuta mji wote moto. Ningeweza kuanza upya, lakini nilikuwa nimeshafika mbali, roho ikagoma. Nikaendelea kucheza katikati ya milipuko, bibi wa barabarani ananirukia na fimbo ya gofu, mimi navumilia. Nikavumilia hadi Las Venturas, mji mwingine wa gemu, kwenye misheni ya Madd Dogg.

Huyu Madd Dogg ni mwanamuziki aliyepoteza kila kitu. Amesimama juu ya paa la kasino, anataka kujitupa. Wewe unatakiwa ulete gari lenye maboksi nyuma, uliegeshe chini yake, adondokee humo apone. Kwa kawaida anayumba pale juu kwa muda wa kutosha. Kwangu, hata sijaligusa gari, puu! Misheni imeshindikana. Narudia. Puu! Nakimbia kutoka upande mwingine. Puu! Watu wakahama kwenye TV zao kuja kunisimamia, kila mmoja na lake: piga mlinzi kwanza, usikimbie, kimbia zaidi, njoo usiku. Nilikaa pale siku tatu. Siku ya tatu mwenye banda alikataa kuchukua hela yangu, akaniambia, "Dogo, hilo limekufa, nenda nyumbani."

Baadaye sana ndipo nilipoelewa. Chiti zinazobadilisha tabia za watu wa mtaani zinamgusa na yeye. Ukishasevu zikiwa ndani, yule bwana atajirusha kila mara kabla hujafika, na bila yeye hadithi haisogei tena. Hakuna ujanja. Sevu imekufa. Kila nikisikia mtu anamwambia mtoto "weka tu chiti", namwona yule bwana anaanguka.

Matokeo yakatoka, maisha yakaendelea, nikasahau. Au nilijidanganya kwamba nimesahau, maana 2023 nilipoiona PS2, mashine ya kuchezea gemu, ile nyembamba, kwenye meza ya mtumba Kariakoo, na pedi moja iliyochoka, sikubishana sana na bei. Laki moja na kitu. Nikaongeza pedi nyingine na memori kadi mbili. Mke wangu aliniuliza ni ya nani. Nikamwambia ukweli, kwamba kuna kitu nilikiacha nusu.

Safari hii niliingia na daftari, kwa sababu mali bila daftari hupotea bila habari, na vitu vya kuokota kwenye gemu hili havionekani kwenye ramani yake: michoro 100 Los Santos, picha 50 za kupiga San Fierro, viatu vya farasi 50 Las Venturas, na chaza 50 wametawanywa majini kwenye dunia nzima ya gemu. Nilichapisha ramani nne stesheneri, nikaziambatisha kwa stepla kwenye daftari. Kila nikipata kimoja, naweka vema.

Wengi watakwambia umalize misheni zote za hadithi kwanza, ndipo uhangaike na mambo ya pembeni. Sikubaliani kabisa. Kazi za pembeni ndizo zinazokupa nguvu ya kumaliza hadithi. Ukimaliza ya zimamoto, moto haukuunguzi tena. Ukimaliza ya polisi, kinga ya mwili inaongezeka. Ukimaliza ya gari la wagonjwa, uhai unaongezeka. Sasa uhai huo utaufanyia nini kama hadithi imeshaisha?

Hiyo ya gari la wagonjwa ndiyo ninayojivunia kuliko zote. Levo ziko 12. Ya kwanza mgonjwa mmoja, ya pili wawili, hivyo hivyo mpaka kumi na wawili, jumla wagonjwa 78, na unazipiga zote kwa mkupuo mmoja bila kusevu katikati. Gari linabeba watatu tu kwa safari. Los Santos nilishindwa mara sita. Magari mengi, magenge yanakurushia risasi, na gari lenyewe refu, ukikata kona kwa pupa linalala ubavu na wagonjwa wako ndani.

Nikaacha. Nikasubiri hadithi ifike pale mhusika anaposalitiwa na kutupwa porini Angel Pine. Ukienda kule kabla ya hapo polisi wanakuvamia kwa nyota nne, yaani unasakwa vikali, lakini hadithi ikishakupeleka yenyewe uko huru. Angel Pine ni kimji kidogo chenye hospitali yake na barabara chache. Wagonjwa wanatokea karibu karibu. Nikaendesha kama dereva wa daladala anayejua abiria wake: wa mbali nawafuata kwanza muda ukiwa mwingi, wa jirani na hospitali nawaacha mwisho. Levo ya tano, ya nane, ya kumi, naona inaenda. Levo ya 11, wagonjwa watatu wa mwisho wako ndani, hospitali naiona kabisa kwa mbele. Umeme ukakatika.

Mwishoni mwa 2023 tulikuwa kwenye mgao, wa Dar mnakumbuka. Nilikaa gizani na pedi mkononi, sina hata neno. Jumamosi nikaenda Mbagala kwa mjomba, nikamwomba betri yake ya sola na inveta. "Mjomba, za kazi?" akaniuliza. Nikamwambia, "Za kazi, mjomba," kwa sababu kwangu ilikuwa kazi. Nikairudisha nyumbani kwa bajaji, nimeipakata. Usiku ule mtaa wote giza, kwangu TV inawaka, na mtoto wa jirani, wa darasa la sita, amekaa sakafuni ananihesabia sekunde. Levo ya 12, mgonjwa wa mwisho nilimshusha zimebaki sekunde tisa. Tulipiga kelele mpaka mke wangu akaja na tochi kuuliza kuna nini.

Mengine yalipita kwa jasho la kawaida. Shule ya udereva, ya ndege, ya boti, ya pikipiki. Kindege cha rimoti cha Zero, mhusika mmoja wa gemu, kinachoishiwa mafuta angani. Nyumba 29 za kununua, hiyo ni hela tu.

Kisha nikafungua takwimu nikakuta 99.47.

Nilikuwa nimemaliza kila kitu. Kwenye daftari kila kitu kina vema. Nikashuka orodha mstari kwa mstari: chaza 49 kati ya 50. Chaza mmoja yuko chini ya maji mahali fulani, na gemu halikwambii ni wapi. Kijana mmoja kazini akanishauri nizunguke tena sehemu zote 50. Mwingine akasema 99 na 100 ni kitu kimoja. Kama ni kitu kimoja, mbona halikuandika mia?

Nilikaa na daftari siku mbili bila kuwasha PS. Nikawa naangalia vema tu. Nikaona nne zina rangi nyekundu, zilizobaki zote za bluu. Nikakumbuka. Jioni moja kalamu ya bluu iliisha wino, nikachukua nyekundu ya mke wangu, anasahihishia madaftari ya wanafunzi. Na jioni ile ile, betri mjomba ameshaichukua, umeme ulikatika kabla sijasevu! Chaza wanne wale niliwawekea vema kwenye karatasi, lakini kwenye kadi hawakuwepo. Kesho yake niliwarudia kwa kichwa bila kufungua daftari, na bila shaka nilirudia watatu.

Basi nikaacha sehemu 46 na kwenda kwenye nyekundu tu. Wa kwanza, hayupo, nilishamchukua. Wa pili, hayupo. Wa tatu nikazama, maji ya kijani yamefifia, pumzi inashuka, na chini kabisa karibu na nguzo nikamwona amefunguka, anang'aa. Nikamchukua. Nikapanda juu. Nikaenda moja kwa moja kusevu kabla hata ya kuangalia asilimia. Tangu siku hiyo siweki vema ya kitu chochote kabla sijakisevu, hata kazini.

Kuhusu kustahili, nitasema ninachokiona. Michoro 100 ilistahili, kwa sababu ilinifundisha Los Santos uchochoro kwa uchochoro, nikawa nawakimbia polisi bila ramani. Wagonjwa 78 walistahili. Chaza hawakunifundisha chochote, niliwaokota kwa sababu ya deni la 2008 na ningewaokota tena. Ila si kila gemu lina deni na wewe. Binamu yangu ana Zelda ya 2017, Breath of the Wild, yenye mbegu 900 za Korok. Mbegu 441 zinatosha kupanua mifuko yote ya silaha. Ukizifikisha 900 unapewa kitu cha dhahabu chenye umbo la kinyesi. Alitaka kuendelea, nikamwambia aangalie vizuri wanachomwambia waliolitengeneza. Aliishia hapo 441 na hajapungukiwa kitu. Kwenye Spider-Man ya PS4 mabegi 55 niliyatafuta yote, kwa kuwa kila begi lina kumbukumbu ya Peter, yaani Spider-Man mwenyewe, ndani yake. Begi lina hadithi, ile mbegu ya mia nane haina.

Nilipofungua takwimu na kukuta 100, nilienda Grove Street, mtaa wa nyumbani wa mhusika. Kifaru kipo pale, cha kijani, kinakusubiri, na wenyewe wamekiita Rhino, kama sisi tunavyokiita. Mtoto wa jirani alikuwepo. "Anko, na mimi niendeshe!"

Nikazima kwanza. Nikachomeka kadi ya pili upande wa pili, nikanakili sevu, nikaichomoa ya kwangu na kuifunga kwenye kimfuko. Ile ya pili nikampa yeye, iwe yake moja kwa moja. Nikamsimulia habari ya Madd Dogg yote, kuanzia banda la Mwananyamala. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama anaweza kufuta hiyo sevu yangu aanze mwenyewe.