Nguo ya mgongoni

Wiki hii nimefumua herufi sita na kuacha moja.

Kosa ni langu. Jirani yangu Mama Masika, mimba ilipokuwa kubwa, alirudi kutoka ekografi akicheka peke yake njia nzima: wamemwambia ni mvulana. Mume wake ni Mnande wa Lubero, na kwa Wanande jina la mtoto halisumbui kichwa, linamngojea kabla hajafika. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira, wa tatu Kavugho. Lakini mvulana akija baada ya wasichana wanaofuatana, huyo ni Muhindo, aliyegeuza mambo. Nikasema basi, kazi imekwisha. Nikachukua uzi wa buluu, nikadarizi MUHINDO katikati ya kitambaa cheupe cha zawadi ya mtoto, kila herufi urefu wa dole gumba, wiki mbili nzima kabla ya siku za mama kutimia. Nilijiona nimewahi kuliko wote pale mtaani Ndosho, hapa Goma, mashariki mwa Kongo.

Usiku wa Jumanne mtoto amezaliwa. Alfajiri baba yake akanipigia simu.

"Yaya, tumepata Kavugho!"

Yaya kwetu ni dada mkubwa. Sauti yake haikuwa na huzuni hata chembe. Mimi ndiye niliyenyamaza.

Kufumua kuna adabu yake. Ncha ya wembe inapita upande wa nyuma, siyo mbele. Unakata uzi kila baada ya mishono mitatu, kisha unageuza kitambaa na kuchomoa vipande kimoja kimoja kwa kibano cha nyusi. Ukiwa na haraka ukavuta uzi mrefu kwa nguvu, kitambaa kinajikunja na hakinyooki tena. M peke yake ilinila muda ambao maharagwe yangekuwa yamekaribia kuiva. Nilipofikia O, jina lilikuwa bado linasomeka, safari hii kwa matundu. Nikalowesha kwa maji baridi, nikasugua polepole kwa ukucha, huku na huku, ili nyuzi za pamba zirudi mahali pake, halafu nikapitisha pasi ya makaa kitambaa kikiwa bado kibichi. Matundu mengi yamejifunga. Ila pale ilipokuwa H, ukiinua kitambaa dirishani, bado unaona nukta nukta.

Ndipo nikahesabu. Kavugho nayo ina herufi saba, na majina yote mawili yanaishia kwa O. Ile O nimeiacha palepale, buluu yake, nikaanza nyingine sita kwa uzi wa rangi ya chungwa. Mama Masika akiuliza nitamwambia ndiyo mtindo wa sasa.

Hapa kwetu tukienda kumwona mzazi tunabeba sabuni, sukari, unga wa uji, na mwenye uwezo anaongeza pampasi. Vyote hivyo vinaisha, na vinatakiwa viishe. Mimi pia navibeba, sitaki kusikia kesho kwamba yule mama alikuja na kitambaa tu. Lakini chini ya sabuni naweka kitu kimoja nilichokishona mwenyewe, ambacho mtoto atakikuta bado kipo siku atakapoanza kuuliza maswali.

Mabaki ya vitenge nayapata kwa mafundi wa kushona kule Birere. Jioni, kabla hawajafagia, unakuta chini ya mashini vipande vya kila rangi: pembe za mikono, ncha za shingo, ukanda uliobaki baada ya gauni la harusi. Zamani walinipa bure. Siku hizi wamejua kwamba nina kazi navyo, kwa hiyo kuna bei, na fundi mmoja mzee amefikia hatua ya kunichagulia: "Mama, hiki nimekufichia, ni cha mke wa pasta." Nikifika nyumbani naviloweka usiku kucha kwenye maji ya chumvi, vyekundu na vya buluu iliyokolea kila kimoja kwenye beseni lake. Nilijifunza kwa hasara. Blanketi langu la kwanza nililishona kwa vitenge vipya visivyofuliwa. Mama wa mtoto alipolifua mara moja, wanga ukatoka, vipande vingine vikapungua na vingine vikabaki, likawa na mawimbi kama ziwa siku ya upepo. Na nyeupe yote imegeuka waridi. Alinishukuru vilevile. Sikuliona tena likianikwa.

Kuhusu vifungo, kwa mtoto mchanga siweki kabisa. Niliwahi kushona sungura mwenye macho ya vifungo, mzuri, na nikajivunia, mpaka niliposhuhudia mtoto wa miezi minane akilivuta jicho lile kwa meno yake mawili. Siku hizo nilitumia uzi mmoja wa kawaida. Tangu hapo macho yote nayadarizi, na tumbo la sungura najaza vipande vidogo vya kitambaa vilivyokatwakatwa, siyo punje za mahindi wala maharagwe kama wengine wanavyofanya ili kitu kiwe na uzito. Mahindi yana wadudu, na Goma ina unyevu wa kutosha.

Lakini nilitaka kuandika juu ya ukubwa.

Nilikuwa nashona mablanketi makubwa, ya kutandika kitanda. Niliacha mwaka 2021. Jumamosi ile ya tarehe 22 Mei, saa za jioni, mbingu upande wa volkano yetu, Nyiragongo, zikawa nyekundu, na wakati huo nilikuwa nimepanga Mabanga. Usiku ule hatukwenda mbali. Lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Halafu siku zilizofuata ardhi ikawa inatetemeka saa kwa saa, na Alhamisi tarehe 27 alfajiri wakatangaza mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame. Mabanga ilikuwamo. Barabara ya Sake ikajaa watu, magodoro kichwani, mbuzi, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zimebebeshwa bibi wazee. Pembeni mwa barabara, karibu na Mugunga, niliona blanketi la viraka limeachwa juu ya mawe. Halikuwa langu. Lilikuwa zuri kuliko yangu, mshono umenyooka, pindo mbili. Aliyeliacha alikuwa na watoto wa kubeba, ndivyo nilivyofikiri. Mikono ni miwili tu.

Na hapo nikamkumbuka mama yangu.

Tarehe 17 Januari 2002 nilikuwa na miaka saba, tunakaa Murara. Mdogo wangu alikuwa na miezi mitatu. Mama alimfunga mgongoni kwa kikwembe, akanishika mkono, tukaelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, pamoja na mji mzima. Lava ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani. Nyumba yetu iko chini ya yale mawe hadi leo. Juu yake kuna nyumba nyingine ya mbao, na watu wake wananisalimu nikipita. Humo chini kuna picha za ndoa ya wazazi, kofia niliyobatizwa nayo, na sweta ya manjano ambayo tate, mama wa baba, alinifumia kabla sijazaliwa. Sweta ile naijua kwa kusimuliwa tu. Kilichobaki cha utoto wetu ni kikwembe kile, kwa sababu kilikuwa na kazi siku ile. Kina majani ya kahawia na ndege wadogo wa buluu, na upande mmoja kimepauka pale fundo lilipokaa kifuani kwa mama.

Tangu Sake, sishoni kitu kisichoweza kuingia kwenye mfuko wa mkononi pamoja na kadi ya chanjo. Kitambaa cha Kavugho kikikunjwa mara nne kinalingana na daftari. Sungura wangu wana urefu wa kiganja. Wateja wachache walilalamika kwamba bei ni ileile na kitu kimepungua, nami sikuwajibu vizuri. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, dada mmoja aliniandikia kwamba ameweka sungura wa mwanawe ndani ya sufuria, sufuria ndani ya mfuko, na mfuko mlangoni. Hakueleza zaidi, na sikuhitaji maelezo.

Yule mdogo wangu wa mgongoni sasa ni seremala. Vipande vya mkaratusi vinavyobaki kwenye kazi yake anavichonga chukudu ndogo, magurudumu mawili, usukani, hata kile kijiraba cha breki cha nyuma. Anazipaka rangi ya dhahabu kama ile sanamu ya chukudu pale rond-point, kwenye mzunguko wa barabara. Nilimwambia rangi ile siyo ya mtoto anayetia kila kitu mdomoni, aache mbao zake wazi, azipake mafuta ya kula tu. Akasema chukudu isiyo ya dhahabu ni mbao tu. Tumegombana wiki nzima. Mwishowe anatengeneza za aina mbili, za dhahabu kwa watu wazima waliohamia mbali, za mbao wazi kwa watoto, na magurudumu ameyafanya makubwa kuliko koo.

Leo mchana nimekwenda kwa Mama Masika. Mtoto ana nywele nyingi na paji la uso la baba yake. Masika na Kavira walikuwa wamekaa kila mmoja upande wake wa kitanda kama walinzi. Nilitoa sabuni, nikatoa sukari, kisha kitambaa. Mama Masika akakigeuza nyuma kwanza, kama anavyofanya mtu anayejua kushona, akatazama mafundo, halafu akageuza mbele.

"Yaya, hii O imekuwaje?"

"Ni mtindo."

Akakiinua kwenye dirisha. Nilijua ameona. Akacheka mpaka akashika tumbo, mshono ukamuuma, akaniomba nisimchekeshe tena. "Uiache hivi hivi," akasema. "Muhindo akija mwakani, unaanza na hiyo O."

Jioni nimepita kwa mama yangu. Kwa kila mjukuu huwa namkatia ukanda mmoja wa kikwembe kile, upana wa vidole vitatu, naushona upande wa ndani wa kitambaa ambako hauonekani. Kavugho si mjukuu wake, lakini niliona haya kuomba na haya kutoomba. Mama hakusema kitu. Alikitoa sandukuni, akakitandaza mezani, tukapima pamoja kwa mkono. Kimebaki urefu wa kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko, pamoja na ile sehemu iliyopauka.

"Kata huku," akasema, akinionyesha upande wa ndege. Ule wa fundo akaufunika kwa kiganja chake mpaka nilipomaliza.