Maji Tu

Juzi Jumamosi binti yangu alisimama mbele ya gari, boneti iko juu, kashika galoni mbili, moja mkono huu na moja mkono huu, akaniuliza: "Baba, hizi zote si kulanti? Hii nyekundu imebaki kidogo. Tumalizie na ya kijani."

Swali la haki, maana kulanti zote ni dawa ya kuchanganya na maji ya kupoza injini. Ana miaka 11, na anapenda gari kuliko kaka zake wote. Lakini nilimpokonya ile ya kijani kwa nguvu mpaka akanitazama usoni. Kifuniko kilikuwa kimeshafunguliwa na harufu ikanipanda puani, utamu ule kama sukari inayoanza kuungua sufuriani. Nikawa sipo tena uani kwangu. Nilikuwa njia ya kwenda Sala, geti la mbuga ya Tsavo Mashariki, Agosti 2003, Mjomba amekaa chini ya mgunga, ananisubiri niseme.

Land Rover ya Mjomba ilikuwa Defender, injini 300Tdi, dizeli ya lita 2.5. Iliagizwa Uingereza ikiwa imeshatumika, ndiyo maana ilikuwa na hita, kitu ambacho Malindi hakina kazi mwaka mzima. Ilibeba Waitaliano kwenda Tsavo Mashariki na kurudi, msimu baada ya msimu, na ilitulisha nyumba tatu. Mwaka ule Mjomba alinikabidhi matunzo yake. Oili, breki, magurudumu, maji. Nilikuwa na miaka 20 na nililala na ufunguo chini ya mto.

Jioni kabla ya safari niliona rejeta inavuja kidogo pembeni, tone kwa tone, na tangi dogo la akiba limeshuka. Ndani mlikuwa na kulanti ya kijani. Nikaenda duka la spea, ya kijani imekwisha. Muuzaji akanipa galoni nyekundu ya lita 4, akasema hii ndiyo ya kisasa, inakaa miaka 5. Akanipa na unga wa kuziba rejeta. Pakiti moja ilitosha. Nikanunua mbili, kwa sababu nilitaka lile tone linyamaze mpaka turudi na Mjomba asilione.

Nikamimina nusu ya galoni. Nikatia pakiti zote mbili. Palipobaki nikajaza maji ya kisima chetu cha uani, kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Watu wa Malindi wanayajua maji ya namna hiyo: sabuni haitoi povu, na birika la chai linafanya ukoko mweupe ndani ya mwezi. Hayo ndiyo niliyoinywesha injini ambayo hedi yake, yaani kipande cha juu kinachofunika silinda, ni ya alumini na bloku ya chuma.

Tuliondoka alfajiri, wageni wanne nyuma, mimi kushoto kwa Mjomba. Kutoka Malindi mpaka geti la Sala ni zaidi ya kilomita 100, na siku hizo ilikuwa vumbi tupu. Kakoneni tukapita salama. Langobaya tukapita salama. Jua lilipokaa sawa, sindano ya joto ikaanza kupanda. Mjomba hakusema kitu. Akapunguza mwendo, akazima eya kondishoni, kisha akanyoosha mkono akafungua hita mpaka mwisho.

Wageni walishangaa, mtu anafungua hita jua la Agosti! Mimi nilijua anachofanya. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Ukiifungua inaiondolea injini joto kidogo, likupigeni nyinyi ndani lakini injini ipone. Nikaweka kiganja mbele ya tundu nikingojea moto.

Upepo uliotoka ulikuwa baridi.

Mjomba naye akaweka kiganja chake kando ya changu. Sindano iko kwenye nyekundu na hita inatoa baridi. Maana yake maji hayazunguki humo. Ama yamekwisha, ama njia imeziba. Akaingiza gari kando ya barabara, akazima.

Hakugusa kifuniko. Vijana wengi wameunguzwa nyuso kwa pupa ya kifuniko. Kile kidude hakizuii maji kumwagika tu, kinayafungia shinikizo. Kikishika psi 15, kipimo kile kile cha upepo wa tairi, maji matupu hayachemki kwa nyuzi 100 bali karibu 120. Ukikifungua injini ikiwa kwenye moto huo, shinikizo linatoka ghafla, na maji yaliyokuwa yametulia yanachemka yote kwa pamoja na kukurukia. Basi tukakaa. Wageni wakapewa maji ya kunywa na kivuli. Mjomba akatandika gunia chini ya mgunga. Nadhani tulikaa kama saa nzima. Injini ilikuwa inalia ile milio ya chuma kupoa, ti, ti, ti, kila mlio mbali kidogo na ule wa kabla.

Kisha akainuka, akaniita. Akashika mpira wa juu wa rejeta, akaniambia nishike. Ulikuwa bado moto. Akashika wa chini, nikashika. Huo ulikuwa baridi kama mkono wa maiti. Joto linaingia rejeta halitoki upande wa pili. Akalowesha gunia, akalifunika tangi, akazungusha kifuniko robo tu, akangoja mvuke umalize kulia. Halafu akafungua kizibo cha rejeta yenyewe.

Ningependa kusema niliona maji. Niliona kitu cha rangi ya udongo, kizito, kinang'aa juu, kama halua iliyotolewa jikoni kabla haijakolea. Mjomba alichovya kidole cha shahada. Akakitoa taratibu, kile kitu kikavutika kidogo kisha kikakatika. Akakisugua kati ya kidole na gumba. Palikuwa na chembechembe ndani yake, nilizisikia zikisagika, au labda nimezisikia baadaye kwa miaka yote hii ya kukumbuka. Akanusa. Wakati wote huo hakunitazama. Alikuwa akikitazama kidole chake, mvi za kidevuni zimejaa vumbi la Langobaya, na uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayesoma.

"Jana uliweka nini, mwanangu?"

Sauti ya chini kabisa, wageni wasisikie. Alinifungulia mlango.

Nikasema, "Maji tu, Mjomba."

Akasimama vile vile kidogo. Akajipangusa kidole kwenye pindo la kikoi alichokuwa amekitupia begani, pakabaki doa la kahawia. "Haya," akasema. Akawaendea wageni, akawaeleza kwa Kiitaliano chake cha ufukweni kwamba rejeta ni kuukuu na kosa ni lake, alipaswa kuibadilisha kabla ya msimu.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Tuliutoa ule uji tukaumwaga kwenye shimo, na Mjomba akasisitiza tulifukie vizuri kwa mchanga, kwa kuwa kulanti ni tamu na ni sumu. Paka au mbuzi akilamba anakufa kwa figo. Alikuja mtoto na punda na mitungi ya maji ya mto Galana, mekundu kwa tope, Mjomba akamshukuru na kumlipa lakini hakuyatia. Alitumia maji ya kunywa ya wageni, chupa baada ya chupa, injini ikinguruma, akimimina kama anayemnywesha mgonjwa. Wageni wakachukuliwa na gari nyingine. Sisi tukarudi kwa mwendo wa baiskeli, tukisimama kila kilomita chache, tukafika Malindi usiku.

Hedi ilikuwa imepinda na gasketi imeungua. Ilikwenda Mombasa kuchongwa, rejeta ikabadilishwa, na mapato ya Agosti yote yakaishia humo.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuuliza. Nimewauliza mafundi, nimesoma vitabu vya gari, nimesoma maandishi madogo nyuma ya galoni. Rangi si sheria. Kila kiwanda kinapaka rangi yake. Linalotofautiana ni viungo vinavyozuia kutu. Zile za kale, ambazo mara nyingi zilikuwa za kijani, zina silikati au fosfati zinazotandaza utando juu ya chuma, na huchoka baada ya miaka 2 hivi. Zile za asidi za kikaboni, nyingi zao nyekundu au rangi ya chungwa, hufanya kazi taratibu na hudumu miaka 5 au zaidi. Ukizichanganya, kinga ya moja huweza kuivunja ya nyingine, na wakati mwingine ndipo unapopata uji. Maji ya chokaa nayo yana balaa lao: fosfati ikikutana na kalsiamu inageuka ukoko, na chumvi ya kisima inaila alumini polepole. Unga wa kuziba haujui tundu la kuvuja ni lipi na njia ya maji ni ipi. Unaziba palipo pembamba, na hakuna pembamba kuliko vijibomba vya hita.

Watu huniuliza, pwani hatuna barafu, kulanti ya nini? Nawajibu hivi: barafu ni kazi yake Ulaya. Huku kazi yake ni kuzuia kutu, kulainisha pampu, na kupandisha kidogo kiwango cha kuchemka. Nusu kwa nusu na maji, bila shinikizo lolote, inafika nyuzi 107 hivi. Lakini usiitie tupu ukidhani unaipenda injini. Glikoli, ule umajimaji ambao ndio sehemu kubwa ya kulanti, hubeba joto kidogo kuliko maji. Maji ndiyo mchukuzi, kulanti ni mlinzi wake. Na wenye malori ya dizeli yenye silinda za kuchomeka, zinazoguswa na maji moja kwa moja, hao wanahitaji kiungo cha ziada, nitraiti kwa kawaida, kwa kuwa mtetemo hutoa vijipovu vinavyotoboa chuma kwa nje. Defender haina haja hiyo. Mimi namwambia kila mtu soma kitabu cha gari lako, chagua aina moja, uishike. Ukitaka kuhamia nyingine, mwaga yote, suuza mpaka maji yatoke meupe, ndipo uanze upya.

Haya yote nayajua. Ila lililoua hedi ile siku ile, kulanti mbili, au kisima, au zile pakiti, sijapata fundi wa kuniapia. Kila mmoja anataja lake. Huenda pia rejeta ilikuwa kuukuu kweli, kama Mjomba alivyowaambia wageni.

Wiki mbili baada ya safari, gari limerudi, niliingia bandani nikaikuta galoni nyekundu kwenye rafu. Niliiacha nyuma ya matangi ya dizeli, nimeifunika kwa matambara. Mtu aliikuta, akaiosha, akabandua karatasi yake. Ilikuwa imejaa maji ya mvua, yale tuliyokinga kwenye paa la mabati la jiko. Ubavuni, kwa kalamu nene nyeusi, Mjomba alikuwa ameandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyozoea kuandika Kiswahili chake: maji tu.

Alikitumia kigaloni hicho kwa gari lile miaka 11. Kila akisafiri alikuwa akinituma, "Niletee kile kigaloni," na mimi nampelekea, nakishika ule upande wenye maandishi. Hakuniuliza tena. Sikumwambia. Mara ya mwisho ilikuwa hospitali, nilikuwa nimeshafungua kinywa, akaingia muuguzi, na nilipotoka nje nilifurahi kwamba muuguzi aliingia. Hilo la kufurahi ndilo linalonirudia usiku kuliko uongo wenyewe.

Kigaloni kiko kwangu. Plastiki imefifia imekuwa kama waridi kavu.

Juzi nilipokwisha kumpokonya binti yangu ile ya kijani, nilimwomba radhi, nikamwambia akanawe mikono, kisha akaniletee kile cha rafuni. Tulikuwa na nyekundu ya kutosha, palihitajika maji masafi tu ya kuichanganyia. Akakileta amekikumbatia. Anasoma chuo cha Kurani, herufi hazimpi shida. Akapitisha kidole juu ya wino, mimu, alifu, jimu, akafika mwisho, akaanza tena.

"Maji tu," akasema. "Nani ameandika?"

"Babu yako, mjomba wangu."

"Kwa nini aliandika tu? Si angeandika maji, basi?"

Nilishika faneli, nikaiweka sawa mdomoni mwa rejeta. Nikamwambia amimine polepole, hewa ipate pa kutokea.