Siku tano Ssese, kwa mdogo wangu mmisionari

Mdogo wangu alipopangiwa visiwa vya Ssese, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, mama yetu kule Musoma alisema neno moja tu: "Ziwa ni lile lile." Alikuwa anajipa moyo. Baba alikuwa mvuvi, na sisi tuliokulia kanda ya ziwa tukisimuliwa habari za MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza Mei 1996, hatupandi chombo bila kuyatazama maji kwanza. Mimi nilikuwa nimeshahamia Kampala, nafundisha Kiswahili, kwa hiyo kazi ya kwenda kuona kijana anaishije ikawa yangu. Nilichelewa mwaka mzima. Nimeenda mwezi uliopita.

Kivuko cha MV Kalangala huondoka Nakiwogo, Entebbe, saa nane mchana. Nilifika asubuhi makusudi, nipite kwanza Kigungu, kwenye ncha ya rasi. Hapo ndipo padre Mfaransa Simeon Lourdel na Bruda Amans waliposhuka tarehe 17 Februari 1879, wakitokea Kageye, kusini mwa ziwa, upande wa kwetu. Walikuja kwa mtumbwi. Waganda walisikia neno la Kifaransa la kumwita padre, wakaligeuza kuwa jina: Mapeera. Mpaka leo ndivyo wanavyomwita. Siku ile Lourdel alikuwa na miaka 25. Mdogo wangu ana miaka 25. Lourdel alifariki Mei 1890, hata 37 hajafikisha. Nilipopiga hesabu hiyo miguu iliniisha nguvu. Nilikaa kivulini karibu na maji, nikamwombea mdogo wangu kwa sauti, bila kujali nani ananisikia.

Kivuko kilijaa. Magodoro, trei za mayai, kreti za soda, pikipiki mbili, mikungu ya matoke, na watu waliokwisha kuvua viatu kama wako nyumbani. Kati ya Entebbe na Ssese unavuka mstari wa ikweta, lakini hakuna anayekuambia. Maji ni yale yale ya kijani, yanapiga ubavu wa chombo. Nilikaa karibu na mama mmoja mfanyabiashara wa samaki. Nilimsalimu kwa Kiganda changu cha kubangaiza, akacheka, akaniuliza mimi ni wa wapi. Nilipomjibu kwa Kiswahili alinitazama vizuri zaidi.

"Hicho mimi nilikisikia kwanza kwa wanajeshi, kwenye vizuizi vya barabarani," alisema. "Nilikuwa mtoto. Ukikisikia, unajificha."

Hakusema kwa ubaya, na nimeshayasikia hayo kwa wazazi wengi wa hapa Uganda wa umri wake. Nimekifundisha Kiswahili kwa upendo miaka yote hii, lakini sijui la kumjibu mtu wa namna hiyo isipokuwa kumwambia pole. Nikampa pole. Akanikatia nusu ya hindi lake la kuchoma. Baadaye, nilipomweleza ninakokwenda, akasimama kidogo kwenye kiti chake. "Musomesa?" Ni "mwalimu" kwa Kiganda. "Yule kijana Mtanzania wa daftari?"

Sikujua habari ya daftari lolote.

Tulifika Lutoboka kiza kinakaribia, baada ya saa tatu na nusu hivi. Nililala Kalangala mjini, juu ya kilima, na alfajiri bodaboda akanipitisha kwenye michikichi. Kisiwa hiki cha Bugala ndicho kikubwa kuliko vyote 84 vya Ssese, na sehemu kubwa ya msitu wake imeshakuwa shamba la michikichi, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka. Halafu mtumbwi wa injini, karibu saa nzima, watu kumi na nne na majaketi ya kujiokolea matano. Kisiwa nilichokwenda sitakitaja jina. Watu wake wana mambo yao, na hawakunikaribisha ili niyaandike.

Nitasema jambo moja la historia, kwa sababu bila hilo huwezi kuielewa kazi ya mdogo wangu. Ssese ilikuwa na wenyewe. Waganda waliviheshimu visiwa hivi kuliko nchi kavu. Kwenye kisiwa cha Bubembe palikuwa na hekalu la Mukasa, mungu wa ziwa, na wafalme wa Buganda walimpelekea sadaka. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, ukaja ugonjwa wa malale. Mbung'o walikuwa kwenye vichaka vya ufukweni, na kuzunguka upande huu wa ziwa walikufa zaidi ya watu 200,000. Serikali ya kikoloni ikaamua kuwahamisha waliobaki. Kufikia mwaka 1909 visiwa vilikuwa vimeachiwa ndege na viboko, na ilipita miaka mingi kabla ya watu kuruhusiwa kurudi. Ndiyo maana ukifika mwaloni leo, pale ufukweni wanapoishi wavuvi, na kuuliza nani mwenyeji, watu wanatazamana. Kuna Waganda, Wasoga, Wanyarwanda, Wakongo, Waluo, na sisi Watanzania. Kila mtu amekuja kufuata samaki.

Mdogo wangu alikuwa amesimama majini hadi magotini. Amekonda, ngozi imechomwa na jua, visigino vimepasuka kama vya baba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikasema, na sikuweza kuongeza neno.

Mwalo wenyewe ni safu tatu za vibanda vya mbao na mabati, na mchanga wote umefunikwa na dagaa, ambao hapa wanaitwa mukene. Unanuka, ndiyo, lakini kwa mtoto wa mvuvi ile ni harufu ya ada ya shule. Wanawake wanawageuza kwa mafagio ya vijiti, kwa mkono mwepesi sana, kwa sababu dagaa akivunjika bei inashuka. Na wingu likionekana upande wa magharibi unaona mgongo wa kila mmoja ukinyooka kwa pamoja. Mvua ya dakika kumi inaweza kugeuza chakula cha watu kuwa chakula cha kuku.

Nilichokuwa sikukijua ni kwamba kalenda ya mmisionari hapa ni mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mwezi ukiwa mpevu, dagaa hawavutwi na taa, na wavuvi wanapumzika. Basi Jumapili ya giza kanisani wanakuwa wanawake, watoto na wazee watatu. Wanaume wamelala fofofo kwa uchovu. Siku za mbalamwezi ndizo ndoa zinafungwa, ubatizo unafanyika, waliogombana wanapatanishwa. Mimi nilifika mwezi ukiwa mzima. Usiku ule walijaa mpaka nje ya turubai, vijana wa mitumbwini wakiimba kwa lugha nne wimbo mmoja, na sijasikia sauti za kiume zikiunguruma vile tangu mazishi ya baba. Hao vijana huku wanaitwa mabaria. Ni neno letu, baharia, limepanda juu mpaka Buganda.

Mdogo wangu anampenda sana George Pilkington, mfasiri wa Biblia ya Kiganda. Desemba 1893 Pilkington, miaka 28, alikwenda kisiwa cha Kome, mashariki ya hapa, akiwa amekata tamaa kabisa na kazi yake, na huko akapata nguvu mpya. Biblia nzima ya Kiganda ikakamilika 1896. Nadhani anampenda kwa sababu ya ile kukata tamaa.

Daftari nililiona usiku wa pili. Ni kaunta buku la kawaida, gamba gumu, limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki dhidi ya maji. Kila ukurasa una mistari mitatu ya wima: jina kamili, kijiji cha kwao, nani wa kumpigia. Alinieleza bila kunitazama. Mwezi wake wa pili hapa, baria mmoja alizama. Walimpata siku ya tatu. Watu wote walimjua, walimwita Fundi, walikula naye. Na hapakuwa na hata mmoja aliyejua jina lake la kuzaliwa wala kwao ni wapi. Wakamzika pembeni ya michungwa. "Nikasimama pale, dada, nikashindwa kumwombea kwa jina. Nikasema, Bwana, mpokee Fundi." Kesho yake alinunua kaunta buku.

Mwanzoni walimkwepa. Mtu anayekimbia deni au mke hapendi kuandikwa. Akaapa hatalionyesha kwa mtu, na hata mimi alinifunika majina kwa kiganja. Sasa wanamfuata wenyewe, wengine usiku, kabla ya kusukuma mtumbwi.

Siku ya nne mwezi ulianza kuchelewa kutoka, na mitumbwi tisa ikaondoka kwa pamoja. Wamesikia dagaa wako kisiwa kingine. Vyungu, magodoro, kuku, watoto. Theluthi ya kwaya ilikwenda asubuhi moja. Mimi nilikasirika kwa niaba yake. "Unawafundisha, wanaondoka. Utabaki na nini?"

Alikuwa anaandika mahali walikokwenda, mtumbwi kwa mtumbwi. "Wameniambia wanakokwenda," alisema. "Zamani walikuwa hawaagi."

Siku ya tano alinisindikiza mpaka majini. Upepo ulikuwa umeanza. Nilishaingiza mguu mmoja mtumbwini aliponishika mkono, akatoa daftari kwenye mfuko wake, akafungua ukurasa, akanipa kalamu.

"Na wewe, dada."

Nikaandika jina langu kamili, na kijiji, na namba ya mama.