Chupa Aliyoifunga Baba Mdogo Kule Kibo

Julai 2004 nilikuwa kidato cha pili, nyumbani Moshi, na wiki nzima ilikuwa imekatika nikijaribu kurusha puto. Nilikuwa nimeliunga kwa magazeti na gundi ya unga wa ngano, nikalishikilia juu ya jiko la mkaa mpaka ukingo wake ukaungua. Halikunyanyuka. Niliamini kinachobeba ni moshi, kwa hiyo nikaongeza majani mabichi. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Joseph na Étienne Montgolfier, ndugu wa Kifaransa waliorusha puto lao mwaka 1783, nao waliamini nguvu iko kwenye moshi, wakachoma majani na sufu ili utoke mwingi.

Jioni moja baba mdogo akarudi kutoka mlimani Kilimanjaro. Alikuwa mpagazi, au mgumu kama wenyewe wanavyoitana, na siku hiyo walikuwa wameshusha wageni kwa njia ya Marangu. Nilipompa shikamoo aliitikia huku akitoa chupa ya maji begini.

"Marahaba, mwanangu. Shika hii, ila usiifungue."

Ilikuwa chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, tupu, kizibo kimekazwa. Mbavu zake zilikuwa zimebonyea.

"Imekanyagwa?"

"Hakuna aliyeigusa. Nimeimaliza Kibo, nikaifunga palepale. Kufika Horombo, kambi ya chini yake, ikaanza kujikunja. Ni hewa ya huku chini inaibana."

Kambi ya Kibo iko zaidi ya mita 4,700 juu ya usawa wa bahari. Mjini kwetu hata mita 1,000 hatufiki. Shuleni tulishafundishwa kwamba hewa ina uzito, kwamba ya chini imebeba yote iliyo juu yake, na kwa hiyo mgandamizo wake ni mkubwa bondeni kuliko mlimani. Nilikuwa nimeyakariri kwa ajili ya mtihani. Usiku ule niliiweka chupa kando ya kitanda nikawa naipapasa gizani, nikifikiria kwamba kile kilichoibonyeza kilikuwa kinanigandamiza na mimi pale nilipolala, na puto langu pia.

Na puto linagandamizwa pande zote, ila chini zaidi kidogo kuliko juu, kwa sababu hata katika kimo cha mita moja hewa ya chini imebebeshwa zaidi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayosukuma kwenda juu. Moto hauvuti kitu, na moshi haubebi kitu. Moto unaitanua hewa ya ndani mpaka sehemu yake inamwagikia nje kupitia mdomoni, puto linabaki jepesi, na hewa nzito ya nje inalisukuma. Hewa ya Moshi asubuhi ya baridi ina uzito wa kilo moja na kidogo kwa kila mita ya ujazo. Ukiipasha kutoka nyuzi 15 hadi 75, karibu sehemu moja ya sita inatoka. Kwa puto dogo kama langu hizo ni gramu chache sana, na magazeti yenyewe yalizipita.

Alfajiri nikachukua mifuko miwili ya nailoni, ile myepesi ambayo dobi hufunikia suti, nikaipasua na kuiunga kwa selotepu iwe mmoja. Baba mdogo alikata debe la mafuta ya kula juu na chini, akalisimamisha juu ya jiko liwe dohani. Kulikuwa na baridi ile ya Julai, mlima umefunikwa na mawingu, hakuna jani la mgomba lililotikisika.

Kwanza mfuko ulining'inia ukiwa na makunyanzi. Kisha mabega yakajaa, makunyanzi yakapotea moja moja, nailoni ikaanza kutoa mlio mdogo kama mtu anayesugua viganja. Nilikuwa nimeushika kwa vidole viwili kila upande. Nikahisi uzito ukipungua, ukaisha, halafu vidole vyangu vikaanza kuinuliwa.

"Achia!"

Ukapanda wima, bila haraka, ukapita paa la jikoni, ukapita migomba, ukapita hata mti wa mkungu wa jirani. Mama alitoka na mwiko mkononi. Ulipopoa ukainamisha mdomo, ukashuka polepole shambani.

Saa saba mchana jua lilipochomoza mawinguni tukarudia. Mfuko uleule, jiko lilelile. Ulijaa, ukasimama juu ya debe, ukabaki hapohapo. Hewa ya nje nayo ilikuwa imepata joto, imekuwa nyepesi, na msukumo wake haukutosha tena. Ndiyo maana nikisikia maputo ya watalii kule Serengeti yanaruka alfajiri naelewa sababu mojawapo, mbali na utulivu wa upepo.

Hapo baba mdogo akaniambia nilete beseni la maji na ile chupa. Akaizamisha kichwa chini, akafungua kizibo humohumo majini. Chupa ikavuta maji kwa nguvu, mbavu zikafunguka kwa kishindo, "pa! pa!", kisha ikatulia. Akaifunga, akaisimamisha mezani. Maji yalikuwa yamefika kama theluthi yake. Akaweka kidole kwenye usawa wa maji.

"Kuanzia hapa kwenda juu," akasema, "ndiyo hewa yote niliyotoka nayo Kibo."