Kopo la laki na themanini

Juzi nilikuwa napanga kabati la vyombo nikakuta lile kopo bado lipo, limejificha nyuma ya chupa ya chai, na vidonge vimebaki kama nusu hivi. Nikasema hapana, hii lazima niiandike, maana kila wiki kuna mtu ananiuliza inbox "dada nitumie vitamini gani" na siwezi kumjibu kwa mstari mmoja.

Ilianza mwaka jana. Nilikuwa nachoka jamani, sio ule uchovu wa foleni ya Tabata na kazi, nachoka mpaka nikipanda ngazi za ofisini nasimama katikati moyo unadunda kama nimekimbizwa, nywele zinakatika, halafu nikawa na hamu ya kutafuna udongo, ule wanaouza sokoni, na mimi sikuwa mjamzito. Dada mmoja tunayesali naye akaniambia mwili wangu umejaa sumu, unahitaji virutubisho, na yeye anavyo. Kopo moja laki na themanini. Nikalipa kwa awamu mbili.

Nimetumia miezi miwili na nusu. Kitu pekee nilichokiona ni mkojo kuwa wa njano inayong'aa, nikafurahi kabisa nikijua sumu ndo inatoka hiyo, kumbe ni vitamini B2 tu, ikizidi mwili unaitoa na rangi yake ni hiyo hiyo. Uchovu uko palepale.

Siku niliyokaribia kudondoka kwenye daladala ndo nikaenda hospitali. Dokta akaangalia ndani ya kope, akaangalia viganja, akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliwahi kuniuliza: "Dada, siku zako zinatoka kiasi gani?" Nikamwambia nyingi, siku nane, mabonge mabonge, ila nimezoea. Akaandika FBP, kile kipimo kikubwa cha damu, na ultrasaundi. Wingi wa damu 8.9, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 kwenda juu, na kwenye kizazi kuna uvimbe. Yaani kila mwezi damu inamwagika na mimi nahangaika na kopo.

Nikalitoa kwenye pochi nikamuonyesha. Akasoma maandishi ya nyuma taratibu, vitu ishirini na kitu vimeorodheshwa, akaweka kidole kwenye madini chuma: miligramu 5. Kile kidonge chekundu cha FEFO wanachopewa wajawazito kliniki kina chuma kama miligramu 60, pamoja na folic acid, vitamini ya kundi B, na bei yake famasi ni hela ndogo mno. Nililia pale. Sio kwa sababu ya hela tu, ni kwa sababu miezi miwili na nusu nilikuwa naamini najitibu.

Halafu akaniuliza vidonge huwa nameza na nini. Nikasema chai ya asubuhi. Akatikisa kichwa. Chai na kahawa zinazuia chuma kuingia mwilini, maziwa nayo hivyo hivyo, kwa hiyo sasa hivi nameza na maji na chungwa au nikikosa chungwa nakamulia limao, chai inasubiri saa mbili mbele. Wiki ya kwanza tumbo lilikorofisha na choo kikawa cheusi tii, alishaniambia mapema kwamba ni kawaida, nisingeambiwa ningeacha. Na wala siko peke yangu kwenye hili, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 mpaka 49 wana upungufu wa damu, karibu nusu yetu, na ni wangapi tunaambiwa una sumu mwilini?

Sasa la mama yangu ndilo linaloniuma zaidi.

Mama yuko Tanga, ana sukari, anatumia vidonge vya sukari vya metformin mwaka wa tisa huu. Alikuwa analalamika ganzi miguuni, ndala inachomoka na yeye hana habari. Mimi mwenyewe, mtoto wake, nikamtumia kopo kwa basi. Na yule aliyeniuzia nikampa namba ya mama amuelekeze matumizi, akamwambia mama akishazoea hivi virutubisho anaweza kupumzika na dawa za hospitali. Mama akapumzika. Wiki tatu. Mdogo wangu alipompeleka kupima sukari ilikuwa 19, juu mno. Nilipopiga simu, shikamoo mama, ananijibu kwa sauti ndogo, "Marahaba mwanangu, mimi nilijua wewe ndo umesema." Sijawahi kusikia maneno mazito kama hayo.

Na cha ajabu mama kweli alikuwa amepungukiwa vitamini! Metformin ikitumika miaka mingi inapunguza mwili kufyonza B12, na B12 ikishuka mishipa ya fahamu inaathirika, ganzi inakuja, na watu wanasema ni sukari tu. Wakampima, ikakutwa chini, akaanzishiwa sindano za B12 na dawa yake ya sukari ikarudi palepale. Kama una mzazi anatumia metformin miaka na miaka, muulizie dokta hicho kipimo, tafadhali.

Kwa hiyo mimi sisemi vitamini ni uongo. Nakataa ile kauli ya "meza tu, hata isiposaidia haidhuru." Mwaka 1994 kule Ufini yalitoka matokeo ya utafiti wa wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000, baadhi yao walipewa beta-karotini kila siku, ile inayopatikana kwenye karoti, ikitarajiwa iwakinge na saratani ya mapafu. Waliopewa wakaipata zaidi, kwa asilimia 18. Karoti za sahani hazina tatizo, tatizo lilikuwa kidonge chenye dozi kubwa. Vitamini A, D, E na K zinakaa mwilini, hazitoki na mkojo kirahisi kama B na C.

Binamu yangu anaolewa Desemba, ameniuliza juzi aanze nini. Huyo nilimjibu bila kusita: folic acid, mikrogramu 400 kila siku, kuanzia sasa, asisubiri mimba. Uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya siku 28 za mwanzo tangu mimba itungwe, wengi wetu siku hizo hatujajua hata kama tuna mimba, na kukosa folic acid ni moja ya sababu za mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Nikamwambia pia asichanganye na makopo yenye vitamini A nyingi ya retinol, hiyo ikizidi inaweza kuleta madhara kwa mtoto tumboni. Na mengine akaongee na dokta, mimi si dokta.

Mwezi uliopita nimepima, 12.3. Nikadhani nimemaliza, dokta akasema bado, niendelee miezi mitatu mingine akiba ya chuma ijae, na uvimbe tunaufuatilia, kliniki ni tarehe 14. Dagaa na maini narudia kila wiki, mchicha nakamulia limao. Mama naye jana kapiga simu, anasema alitoka bafuni pekupeku akasikia baridi ya sakafu.